Kiberenge na Chuma Chakavu: Injini Ndogo za Usambara katika Historia na katika Maneno



1. Utangulizi

Msafiri anayetoka Tanga kwenda Lushoto huiacha bonde la Mkomazi pale Mombo na kuanza kupanda. Barabara ya takriban kilomita 33 huzunguka kona baada ya kona hadi kwenye baridi ya mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Reli haikuwahi kupanda njia hiyo. Gari la moshi lilipita chini, likiiambaa milima, likaendelea hadi Moshi. Kwa sababu hiyo, wengi wanaoandika historia ya reli ya Tanga huitaja Usambara kama mandhari tu inayoonekana dirishani, kana kwamba milima ilisimama na kuangalia.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa. Pembeni mwa reli kubwa palikuwa na vijireli vingi: vya mbao, vya mkonge na vya vita. Juu ya vijireli hivyo zilifanya kazi injini ndogo ambazo Kiswahili kimezipa jina lao, yaani viberenge. Injini hizo hazikuwa na fahari. Hazikubeba magavana, wala hazikuandikiwa ratiba. Kazi yake ilikuwa kusukuma matoroli, kupanga mabehewa, kuvuta mzigo kutoka shambani hadi kiwandani na kurudi tupu. Nyingi ziliishia kukatwakatwa na kuuzwa kwa kilo.

Hoja yangu ni moja. Chuma cha injini hizo kimekwisha kuyeyushwa au kinaendelea kuyeyushwa, na nyaraka zilizobaki zinaeleza zaidi habari za makampuni kuliko za watu. Ushahidi wa tatu, ambao sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao wajibu wa kuulinda, ni maneno. Maneno hayo nayo yako hatarini, kwa kuwa wanaoyajua ni wazee.

2. Reli kubwa na vijireli vyake

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani. Upana wa njia yake ulikuwa mita moja. Kampuni hiyo iliishiwa fedha reli ikiwa haijafika mbali, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kufikia mwaka 1912 ilikuwa imefunguliwa hadi Moshi, umbali wa takriban kilomita 350 kutoka pwani.

Njia iliyofuatwa haikuwa mpya. Kwa muda mrefu misafara ya biashara ilipita bonde hilohilo, na Semboja, mtawala wa Kikilindi, aliweka makao yake Mazinde, chini ya milima, ili aitawale njia hiyo. Habari za ukoo huo tunazo kwa Kiswahili fasaha katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali l'Ajjemy, Habari za Wakilindi, kilichochapwa upya mwaka 1962. Nakitaja kitabu hicho ili tukumbuke kwamba Usambara ilikwisha kuwa na historia iliyoandikwa kwa Kiswahili wakati reli ilipokuwa bado changa. Tusidhani kwamba maandishi yaliletwa na injini.

Reli kubwa ilipotandazwa, wenye mashamba na misitu walihitaji njia za kufikisha mali zao kwenye stesheni. Hapo ndipo vijireli vilipoanza. Huko Ufaransa, katika miaka ya 1870, Paul Decauville alikuwa ameeneza aina ya reli nyepesi: vipande viwili vya chuma vimefungwa tayari juu ya mataruma ya chuma, watu wachache wanaweza kuvinyanyua, kuvilaza chini na kuviunga, kisha kuvihamisha kazi ikihamia kwingine. Kampuni za Kijerumani, miongoni mwake Orenstein & Koppel ya Berlin, zilifanya biashara kubwa ya reli za namna hiyo na injini zake. Upana uliozoeleka mashambani ulikuwa sentimita 60.

Kijireli mashuhuri zaidi cha milima yetu kilikuwa kile cha Sigi. Kilianzia stesheni ya Tengeni katika reli kubwa na kupanda kuelekea Usambara Mashariki, chini ya Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Ujenzi wake ulianza mwaka 1904 na ukafika Sigi mwaka 1910. Urefu wake ulikuwa takriban kilomita 23, na upana wa njia ulikuwa sentimita 75. Mzigo wake mkuu ulikuwa mbao za msituni na mazao ya mashamba ya milimani. Reli yenyewe imekwisha kung'olewa. Nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi imebaki, na baada ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani kuanzishwa mwaka 1997 ilikarabatiwa ikawa mahali pa kupokelea wageni.

Upande wa Usambara Magharibi, juu ya Lushoto, mlima ulikuwa mkali mno kwa injini ya aina yoyote. Huko Shume, mahali Wajerumani walipopaita Neu-Hornow, kampuni ya Wilkins & Wiese ilivuna mierezi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilijengwa njia ya kamba za chuma iliyotengenezwa na kiwanda cha Bleichert cha Leipzig. Magogo yalining'inia hewani kwa takriban kilomita 9 hadi stesheni ya Mkumbara bondeni.

3. Mahali njia mbili zinapokutana

Hebu tusimame kidogo pale Tengeni. Njia moja ina upana wa mita moja. Nyingine ina sentimita 75. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika njia nyingine. Kwa hiyo kila ubao ulioteremka kutoka Sigi ulipaswa kushushwa kwa mikono kutoka behewa dogo na kupakiwa kwa mikono katika behewa kubwa. Pale Mkumbara hali ilikuwa hiyo hiyo: mbao zilizosafiri angani zilitua mikononi na mabegani mwa watu kabla hazijapanda reli.

Vitabu vingi husema kwamba reli ilimaliza kazi ya upagazi. Kwa safari ndefu za misafara, kauli hiyo ina ukweli. Lakini mtu akiitazama injini ndogo, si ile kubwa, anaona jambo jingine. Upagazi haukuondolewa, ulikatwa vipande vifupi. Badala ya kubeba mzigo kutoka bara hadi pwani, kibarua alibeba mzigo uleule hatua kumi, mara mia kwa siku, kutoka behewa hadi behewa. Injini ndogo ilipeleka mzigo hadi pale bega lilipoungoja.

Kazi hiyo haikuwa ya hiari siku zote. Mnamo mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, utawala ulianzisha utaratibu wa kadi: mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne. Hatuwezi basi kuizungumzia reli ya Usambara kama ufundi mtupu. Mvuke ulitoka kwenye kuni, na kuni zilikatwa na mtu mwenye kadi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa vita. Mwezi Novemba 1914 reli kubwa iliteremsha askari kutoka upande wa Moshi kuja kuutetea mji wa Tanga, na ushindi wa Wajerumani ulitokana kwa sehemu na wepesi huo. Baadaye, walipoona watalazimika kurudi kusini, walitandaza reli nyepesi kutoka Mombo kuelekea Handeni, ili shehena zihamishiwe upande wa Reli ya Kati. Vyuma vyake vilitolewa mashambani. Injini hazikuwepo za kutosha kazi hiyo, na matoroli yalisukumwa kwa mikono. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipofika Mombo na Wilhelmstal, yaliifuata njia hiyohiyo ya matoroli kwenda Handeni. Kwa hiyo iliwahi kuwako katika nchi hii reli ambayo injini yake ilikuwa binadamu.

4. Mkonge na kazi ya kila siku

Baada ya vita, ufalme wa injini ndogo ukawa mkonge. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Inajulikana kwamba katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoenea kuanzia Tanga hadi Korogwe, Mombo na Mazinde.

Ili kufahamu kwa nini mkonge ulihitaji reli, ni lazima kulifahamu jani lenyewe. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni takriban sehemu 4 katika 100. Zilizobaki ni maji na makapi. Maana yake ni kwamba tani moja ya singa hudai tani 25 za majani. Mwaka 1964 Tanganyika, iliyoungana na Zanzibar mwaka huohuo, ilizalisha takriban tani 230,000 za singa. Tukipiga hesabu, tunapata zaidi ya tani milioni 5 za majani yaliyobebwa kutoka shambani hadi kiwandani katika mwaka mmoja. Tena majani hayo hayangoji. Yakikaa baada ya kukatwa hukauka, na singa huharibika.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na kiberenge. Mkataji alifunga majani 30 kwa kila tita na kuyaleta pembeni mwa njia. Matoroli yalipakiwa, injini ikayavuta hadi kwenye mashine ya kuchakata. Uwanjani mwa kiwanda kazi ilikuwa ya kwenda mbele na kurudi nyuma: kusukuma matoroli yaliyojaa hadi kwenye meza ya kupakulia, kuyaondoa yaliyo matupu, kuyapanga tena kwa safari ya shambani, na kupeleka marobota ya singa kwenye njia ya pembeni ya reli kubwa. Injini ya mvuke ilimtaka mtu wake aamke kabla ya alfajiri, ajaze maji, awashe moto na angoje mvuke upande. Injini za dizeli zilizokuja baadaye zilipunguza mangojeo hayo, lakini mwendo wa kazi haukubadilika. Kiberenge kikiharibika, kiwanda kinasimama. Kiwanda kikisimama, mkataji aliyemaliza matita yake anaambiwa angoje.

5. Maneno kama ushahidi

Sasa tuyaendee maneno. Jambo la kwanza linaloshangaza ni hili: reli ilijengwa na Wajerumani, lakini msamiati wake katika Kiswahili ni wa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Tunasema reli, treni, stesheni, injini, dereva, tikiti, toroli. Kijerumani kilituachia shule na hela. Katika reli hakikuacha alama kubwa. Sababu ziko mbili. Kwanza, reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 chini ya Waingereza, na maneno yake yalisafiri. Pili, baada ya vita Waingereza waliiendesha reli ya Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na kuanzia mwaka 1948 ilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Hapa tunapata funzo la jumla: lugha haikopi kwa yule aliyejenga, bali kwa yule anayetoa amri ya kila siku.

Hata hivyo si kila neno lilikopwa moja kwa moja. Gari la moshi ni tungo yetu wenyewe: gari lina asili ya Kihindi, moshi ni neno la Kibantu, na muungano wake unaeleza kile alichokiona mtazamaji wa kando ya njia. Behewa nalo, ambalo katika nyumba za pwani lilikuwa sehemu ya ndani, lilihamishwa likapanda juu ya magurudumu. Hayo si maneno ya watu waliopokea tu. Ni ya watu waliotazama na kuamua.

Maneno ya mkonge ni ushahidi wa aina nyingine. Mashine ya kuchakata huitwa korona, kutokana na jina la kibiashara la mashine iliyotengenezwa na kiwanda cha Krupp. Mfanyakazi anayesema anakwenda korona hulitaja tangazo la biashara la Kijerumani bila kujua, na tangazo hilo limedumu kuliko dola iliyolileta.

Neno manamba ni zito zaidi. Vibarua walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa hadi mashambani, hasa baada ya ofisi ya pamoja ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoitwa SILABU, kuanzishwa mwaka 1944, walipewa namba, na namba ikawa jina lao. Tuitazame sarufi yake. Neno hili halikuingia kwa viambishi vya m- na wa- vya majina ya watu. Liliingia kwa ma-, kama mafungu na mabehewa. Lakini katika upatanisho husemwa manamba hawa walifika, si manamba haya yalifika. Mwandikishaji alimfanya mtu kuwa namba. Msemaji wa Kiswahili, kwa kiambishi kimoja cha kitenzi, alimrudishia utu wake. Na kipande, kadi ya kuhesabia siku zake 30 za kazi, kilibaki katika lugha.

Kiberenge chenyewe kimo katika ngeli ya ki-/vi-, ngeli ya vitu na pia ya vitu vidogo. Katika kamusi hupewa mstari mmoja: gari dogo liendalo juu ya reli. Maana hiyo ni sahihi, lakini mstari mmoja hautoshi. Hauelezi tofauti kati ya kiberenge cha mkaguzi wa njia na kiberenge cha shambani, wala hautaji maneno yanayokizunguka kidahizo hicho: nani aliyekiendesha aliitwaje, njia ya muda shambani iliitwaje, na kitendo cha kusukuma toroli kwa mkono kilitajwa kwa kitenzi gani.

Sharti nikiri udhaifu wa ushahidi huu. Neno halina tarehe mgongoni. Linaweza kuingia kwa njia mbili, na linaweza kubadili maana bila kuacha alama. Anayetegemea maneno peke yake atajenga historia juu ya mchanga. Ndiyo maana nimeyaweka kando ya reli, hesabu na nyaraka, ili kila shahidi amsahihishe mwenzake.

6. Kutoka injini hadi chuma chakavu

Anguko la mkonge linajulikana. Nyuzi za plastiki ziliteremsha bei katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Uzalishaji ukaendelea kupungua hadi takriban tani 20,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990. Matrekta na malori yalichukua kazi ya vijireli. Njia zilifunikwa na nyasi, na injini zikasimama zilipokuwa.

Injini iliyosimama haifi mara moja. Kwanza hutolewa vipuri ili mwenzake aendelee. Kisha huja mnunuzi wa chuma chakavu, ambacho wengi hukiita skrepa. Yeye hutazama uzito. Chuma hukatwa kwa gesi, hupimwa, hupakiwa, na mwisho wake ni tanuri ambamo hugeuzwa nondo. Hatuna haki ya kumlaumu. Nondo hizo zimo katika nyumba zetu, na aliyeokota chuma hicho mara nyingi ni kijana asiye na ajira nyingine.

Lakini kuna jambo moja la kusikitisha katika utaratibu wa kazi hiyo. Kitu cha kwanza kuondolewa ni shaba, kwa sababu bei yake ni kubwa kuliko ya chuma. Na katika injini za zamani kibao chenye jina la kiwanda, namba na mwaka wa kutengenezwa mara nyingi kilikuwa cha shaba. Kwa hiyo injini hupoteza jina na umri wake kwanza, na mwili wake baadaye. Anayefika mwaka mmoja akiwa amechelewa hukuta chuma kisichoweza kusema kilizaliwa wapi. Manamba alipewa namba akanyimwa jina. Injini aliyoitumikia nayo ilinyang'anywa vyote viwili.

Vyuma vingine viliponea katika matumizi madogo. Vipande vya reli vimekuwa nguzo, vizuizi na madaraja ya mitaroni. Na katika shule nyingi za vijijini nchini kipande cha reli kimening'inizwa mtini, kikigongwa kuwaita watoto darasani.

7. Hitimisho

Reli kubwa ya Tanga haikufa. Baada ya kukaa miaka mingi bila abiria, treni zao zilirudi hadi Moshi mwezi Desemba 2019 na hadi Arusha mwaka 2020. Vijireli havitarudi, wala sisemi virudishwe. Ninachosema ni kwamba historia yake haijaandikwa, na sehemu ya historia hiyo haiwezi kuandikwa na mtu asiyejali lugha.

Ombi langu kwa wanafunzi waliomo humu ni dogo. Mkienda likizo Korogwe, Mombo, Muheza au Lushoto, msitafute injini kwanza. Mtafuteni mzee aliyefanya kazi korona au aliyekaa juu ya kiberenge, mwamkieni, mkae chini, na mwulizeni kila kitu kiliitwaje: kila chombo, kila cheo, kila kosa, kila adhabu. Andikeni neno, andikeni sentensi aliyoitumia, andikeni na siku mliyomsikia. Chuma kikishayeyushwa, angalau nondo hubaki. Neno likizikwa na mwenyewe, hakuna tanuri litakalolirudisha.